Njia ya Kiti cha Meneja Inapita Stoo

Ingia hoteli kubwa ya Dar es Salaam, Nungwi au Diani saa nne asubuhi, uangalie nani yuko wapi. Mapokezi utawakuta wasichana. Kwenye korido za vyumba, wanaosukuma toroli za mashuka ni wanawake. Ukumbini wanaume na wanawake wamechanganyika. Sasa zunguka nyuma, kule gari la mboga linakoshusha mzigo. Mara nyingi anayepokea mzigo ni mwanamume, mwenye funguo za stoo ni mwanamume, anayepatana bei na wavuvi ni mwanamume, na mpishi mkuu naye ni mwanamume. Nafasi ya umeneja ikitokea, wenye mali huuliza nani anajua nyumba hii inatumia nini na inabakiza nini. Jibu hutoka huku nyuma.

Mwongozo huu ni wa dada anayekitaka kiti hicho, na ambaye leo ana cheti tu mkononi, au anabeba trei, au anatandika vitanda. Kuhusu ukarimu na usafi umeshahubiriwa vya kutosha, chuoni na nyumbani. Mimi nitakusukuma kwenye jambo moja: zisogelee hesabu mapema, kabla hujaitwa.

Chuo, kisha fildi

Kwenye chuo sitakaa sana, maana njia zinajulikana. Tanzania Bara kuna Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye kampasi Dar es Salaam na Arusha, na VETA wana chuo chao cha hoteli na utalii pale Njiro, Arusha. Zanzibar, SUZA inafundisha fani hizi Maruhubi. Kenya kuna Utalii College kando ya barabara ya Thika, kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, na mameneja wengi wa ukanda huu wamepita pale. Cheti kitakuingiza kazini. Hoteli kubwa zikitafuta meneja zitataka stashahada au shahada. Maoni yangu ni kwamba cheti, kikifuatiwa na miaka miwili mitatu ya kazi halafu stashahada, kinamfaa mtu kuliko kukaa darasani miaka yote mfululizo, kwa sababu ukirudi darasani ukiwa umeshafunga keshi saa saba usiku, somo la hesabu za gharama linakuingia kwa namna nyingine kabisa.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ndiyo muhimu. Binti nadhifu mwenye Kiingereza kizuri akipelekwa fildi, hupangwa mapokezi siku ya kwanza na hubaki hapo mpaka barua yake isainiwe. Usikubali kimya kimya. Andika mapema, kwa adabu, ukimwomba afisa utumishi akupangie angalau wiki mbili stoo na manunuzi, na wiki moja kwa wanaodhibiti gharama. Wengi hawakatai, kwa kuwa hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kuomba kwenda kuhesabu magunia.

Na lugha. Kiingereza si sifa tena, ni sharti. Lugha ya tatu ndiyo inayokutofautisha, na uichague kwa kuangalia wageni wa mahali ulipo. Malindi, Watamu na Kiwengwa, Kiitaliano kinalipa. Arusha na Unguja, Kifaransa na Kijerumani vina soko. Usijifunze lugha kwa sababu tu rafiki yako anajifunza.

Mwaka wa kwanza ukumbini

Kazi ya uhudumu ni ya miguu na ya macho. Miguu utaizoea. Macho ndiyo wengi hawayatumii. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila zamu ikiisha, andika mambo manne: chakula gani kilitoka sana, kipi hakikuguswa, sahani gani ilirudi jikoni na kwa nini, na meza ilikaliwa muda gani tangu mgeni aketi mpaka alipe. Baada ya miezi mitatu utakuwa unaujua mgahawa ule kuliko msimamizi wako, na utakuwa na ushahidi ulioandikwa.

Jambo lingine la mwaka wa kwanza ni keshi. Omba kufundishwa kufunga hesabu za siku: fedha taslimu, kadi, malipo ya simu, bili zilizofutwa na nani aliidhinisha, risiti za mashine ya EFD zikilinganishwa na oda zilizokwenda jikoni. Ni kazi inayochosha, inafanywa watu wakiwa wameshavaa viatu vya kurudi nyumbani, kwa hiyo ukijitolea watakupa. Ila usishike droo ya fedha ambayo hukukabidhiwa kwa maandishi. Kabidhiana, hesabu mbele ya anayekukabidhi, saini. Dada wengi wamekatwa mishahara kwa upungufu wa zamu iliyotangulia kwa sababu waliona haya kumhesabia mwenzao mbele yake.

Stoo

Hapa tukae.

Anza na mapokezi ya mizigo, maana pesa nyingi hupotea pale kabla hata moto haujawashwa. Muuzaji akileta samaki, kuku au nyanya, hakikisha mambo matatu kabla hujasaini: uzito kwa mizani yenu, si kwa maneno yake, ubora, na bei ikilinganishwa na oda iliyoidhinishwa. Samaki mbichi na kuku wapimwe joto kwa kipimajoto: chini ya nyuzi 5 za Selsiasi ndiyo salama, na vilivyogandishwa vifike vikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu iliyomo ndani ya kreti ya kamba itolewe kabla ya kupima. Mwenye gari atalalamika kwamba ana haraka. Mwache alalamike huku mizani inasoma.

Mali ikiingia, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Kila mtu anaijua kanuni hii na karibu kila stoo inaivunja, kwa sababu mtu anayepanga rafu huweka mzigo mpya mbele ili asihangaike kuuzungusha. Andika tarehe kwa kalamu nene kwenye kila boksi. Ni kazi ya dakika kumi.

Sasa hesabu yenyewe. Tuchukue sahani moja ya nguru na wali wa nazi, kwa bei za mfano. Umenunua nguru mzima wa kilo 10 kwa shilingi 15,000 kilo, jumla 150,000. Ukiondoa kichwa, mkia, matumbo na mifupa, umebaki na kilo 6 za mnofu. Kwa hiyo kilo ya mnofu haikukugharimu 15,000, imekugharimu 25,000. Kipande cha gramu 200 ni shilingi 5,000. Wali, nazi, mafuta, kachumbari na limau, tuseme 2,500. Sahani nzima ni 7,500.

Menyu inasema 29,500. Lakini kama biashara imesajiliwa kwa VAT, na kiwango chake ni asilimia 18, kodi iliyomo ndani ya bei ile ni ya serikali. Gawanya 29,500 kwa 1.18, unabaki na 25,000. Hiyo ndiyo pesa yenu. Gharama ya chakula basi ni 7,500 kwa 25,000, yaani asilimia 30. Migahawa mingi hulenga kati ya asilimia 28 na 35, kwa hiyo hapo mko vizuri. Angalia sasa mtu asiyejua angefika wapi: angechukua bei ya samaki mzima, kipande kingekuwa 3,000, sahani 5,500, akagawanya kwa 29,500 na kupata chini ya asilimia 19. Angeamini anachota faida. Mwisho wa mwezi angejiuliza fedha zimekwenda wapi.

Kisha njoo jikoni. Mpishi anakata kwa jicho, na jicho lake ni la ukarimu: gramu 250 badala ya 200. Hizo gramu 50 ni shilingi 1,250 kwa sahani. Mkiuza sahani 40 kwa siku, ni 50,000. Kwa siku 30, ni milioni moja na nusu, mishahara ya wahudumu kadhaa, imekwenda kwenye ukarimu ambao mgeni hata hakuuomba wala hakuutambua. Mizani ndogo ya jikoni yenye bei ya sahani chache ingeizuia.

Hesabu ya pili ni ya mwezi mzima, na ukiiweza hii umeshapita kundi. Chukua thamani ya mali iliyokuwemo stoo siku ya kwanza ya mwezi, ongeza manunuzi yote, toa thamani ya mali iliyobaki siku ya mwisho, toa na chakula cha wafanyakazi. Kilichobaki ndicho mlichotumia kuhudumia wageni. Mfano: mlianza na milioni 6, mkanunua za milioni 14, mkabakiwa na milioni 5. Mmetumia milioni 15. Chakula cha wafanyakazi milioni 1, zinabaki 14. Mauzo ya chakula bila VAT ni milioni 40. Gharama yenu ni asilimia 35.

Sasa linganisha na ile ya sahani kwa sahani. Ukizidisha kila sahani iliyouzwa kwa gharama yake ya karatasi ukapata asilimia 30, mlipaswa kutumia milioni 12. Mmetumia 14. Kuna milioni 2 zisizo na maelezo, na kazi yako ni kuzitafuta. Ushauri wangu: usianze na wizi. Wizi upo, tena wa kila aina, kuanzia nyama inayotoka na ndoo ya mabaki mpaka stakabadhi mbili za mzigo mmoja. Lakini ukianza kwa kunusa wezi utapata maadui kabla hujapata takwimu. Anza na mizani ya kupokelea. Nenda kwenye vipimo vya jikoni. Kisha vilivyooza na kutupwa bila kuandikwa. Kisha sahani zilizorudishwa. Kisha chakula alichokula bosi na wageni wake bila bili, ambacho kila mtu anaogopa kukiandika. Hapo ndipo mara nyingi sehemu ya pengo hulala. Kitakachobaki baada ya hapo, ndicho uende nacho kwa mlinzi wa geti.

Usimpelekee meneja lawama. Mpelekee karatasi moja: pengo ni kiasi hiki, limetoka hapa na hapa, naomba nijaribu hiki kwa mwezi mmoja. Meneja asiyesikiliza karatasi ya namna hiyo hakufai, anza kutafuta kazi kwingine na uende nayo kichwani.

Ukiwa upande wa vyumba

Usidhani usafi wa vyumba ni njia iliyofungwa. Mkuu wa idara ile anashika bajeti ya mashuka, taulo, sabuni na kufulia, na katika hoteli ya pwani bajeti hiyo si ndogo. Kanuni ya kawaida ni seti tatu za mashuka kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja iko kwa dobi, moja iko kabatini. Hesabu kila mwezi, jua zilizochanika na zilizopotea, jua chumba kimoja kinagharimu kiasi gani kukiandaa.

Jifunze pia lugha ya ofisi ya mbele. Hoteli yenye vyumba 40 ikiuza 26 usiku mmoja imejaa asilimia 65. Kama vyumba hivyo vimeingiza 3,900,000, wastani wa chumba kilichouzwa ni 150,000. Gawanya fedha ileile kwa vyumba vyote 40, unapata 97,500, na hicho ndicho kipimo cha kulinganisha. Jirani yenu anayejigamba kujaza asilimia 90 kwa shilingi 100,000 chumba anapata 90,000 tu, tena anafua mashuka mengi zaidi. Dada wa mapokezi anayeweza kusema hivyo kikaoni hataitwa tena dada wa mapokezi.

Kuwaongoza waliokutangulia

Siku utakayopewa usimamizi wa zamu, utakuta mpishi mwenye umri wa baba yako na wahudumu mlioanza nao siku moja. Hili ndilo linalowarudisha nyuma wengi, kuliko hesabu.

Kwa mpishi, heshima kwanza, na heshima yenyewe iwe ya kweli. Muite mzee au shefu kama anavyoitwa, msalimie jikoni kwake kabla ya zamu, onja chakula chake na useme kitu chenye maana juu yake. Lakini vipimo ni vipimo. Usimkosoe mbele ya vijana wake. Mwambie faragha, na umwonyeshe tarakimu: "Mzee, wiki hii tumetoa sahani 280 za nguru, na samaki aliyetoka stoo ni wa sahani 350. Tusaidiane tuone." Mpishi mzuri ataona aibu kabla yako. Mbaya atafoka, na akifoka usijibu siku ile. Kesho yake lete mizani, uiweke mezani, ukae naye.

Huna haja ya kuwa mpishi ili uheshimiwe jikoni, ila lazima ujue chakula. Ella Brennan, aliyefariki mwaka 2018, aliiongoza Commander's Palace ya New Orleans bila kuwa mpishi, na ndiye aliyewaajiri Paul Prudhomme na Emeril Lagasse, ambao majina yao yalikuja kuvuma Marekani nzima. Aliwatambua kwa ulimi na kwa jicho la biashara.

Kwa wenzako mlioanza nao, ratiba ya zamu ndiyo mtihani. Ipange kwa haki, ibandike wiki moja mbele, na usimpe rafiki yako Jumapili zote. Katika Ramadhani wafikirie wanaofunga, na Krismasi wafikirie Wakristo. Ukiweka mzunguko unaoeleweka, watu watabadilishana wenyewe bila kukupigia simu usiku. Na bakshishi: sema wazi jinsi inavyogawanywa, na waliomo jikoni wapate fungu lao. Sijaona kitu kinachovunja timu haraka kama sanduku la bakshishi lenye ufunguo wa mtu mmoja.

Mikono ya wageni, na ya mabosi

Usifundishwe na mtu yeyote kwamba kushikwa kiuno ni sehemu ya huduma. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Unapoajiriwa, uliza sera hiyo iko wapi. Swali lenyewe linamwambia mwajiri wewe ni nani.

Kwa vitendo: andika tarehe, saa, meza na shahidi siku ileile. Mgeni akivuka mpaka, badilishana meza na mwenzako wa kiume na umjulishe msimamizi papo hapo. Ukishakuwa msimamizi, iwe kanuni ya zamu yako kwamba hakuna mhudumu anayeambiwa akae na mgeni ili auze vinywaji zaidi, na hakuna anayepeleka oda chumbani peke yake usiku ikiwa ameshasema haridhiki na mgeni huyo. Kama anayekusumbua ni bosi, hapo ndipo ilipo faida ya chama cha wafanyakazi: CHODAWU kwa Tanzania, KUDHEIHA kwa Kenya. Na ukifukuzwa isivyo halali Tanzania Bara, una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Watu hupoteza haki zao wakisubiri bosi apoe hasira.

Usiku, mimba na nyumbani

Zisome haki zako kwa tarakimu, kwa sababu kazi hii inakula saa. Kwa sheria ile ya 2004 ya Tanzania Bara, wiki ya kawaida haizidi saa 45 na siku haizidi saa 9. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kazi ya usiku, na mwajiri anapaswa kuongeza angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mjamzito hapangwi usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari, wala mzazi katika miezi miwili ya mwanzo. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja, na anayenyonyesha anaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005, na Kenya inatoa miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili.

Jihadhari na mikataba ya msimu ya miezi mitatu mitatu. Pwani hutolewa sana, na wakati mwingine kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayefika kwenye likizo ya uzazi. Ukipewa mkataba wa namna hiyo, uliza mbele ya shahidi ni lini mkataba wa kudumu utazungumzwa, na hifadhi kila nakala.

Suala la usafiri wa usiku limewatoa wanawake wengi kazini. Kabla hujasaini, uliza gari la wafanyakazi linaondoka saa ngapi na linafika wapi. "Tutaangalia" si jibu.

Nyumbani pia pana mazungumzo yake, hasa Unguja, Pemba na Mombasa, ambako wazazi wengi wanaiona hoteli kuwa mahali pa pombe na mavazi ya ufukweni. Usiyadharau, wala usiyakwepe kwa kudanganya unakofanya kazi. Mwalike mama au shangazi aje mchana, aone ofisi, aone stoo, akutane na msimamizi wako. Uliza mapema kama sare inaruhusu hijabu, na kama unaweza kupangwa mbali na baa. Idara ya manunuzi, stoo, uhasibu na usafi wa vyumba hazikugusishi na glasi ya mtu, na kama tulivyoona, mbili za kwanza ndizo zenye ngazi ndefu.

Usaili wa umeneja na mshahara

Nenda na karatasi. Sehemu niliyofanya kazi, gharama ya chakula ilikuwa asilimia fulani, tukafanya hili, ikashuka kufika hapa. Usitaje siri za mwajiri wa zamani, wala bei za wauzaji wake. Taja mwelekeo na hatua ulizochukua. Mwombaji mwenzako atasema anapenda watu na anajituma. Wote mnapenda watu.

Kwenye mshahara, tofautisha wa msingi na unaobaki mkononi. Uliza kama tozo ya huduma inagawanywa kwa wafanyakazi na kwa kanuni ipi. Uliza NSSF, au ZSSF kwa Zanzibar, na baada ya miezi mitatu ukaangalie mwenyewe kama michango inafika. Uliza nini hutokea Aprili na Mei, mvua za masika zinapofunga hoteli nyingi za pwani: likizo ya malipo, nusu mshahara, au "tutakuita"? Wanaume huuliza mambo haya bila kupepesa. Uliza na wewe.

Kuna wanaotazama Dubai na Doha. Hoteli za kule zinafundisha nidhamu ya kazi, na rafiki zangu waliorudi kutoka huko wanafunga hesabu haraka kuliko sisi. Lakini pita kwa wakala aliyesajiliwa, pata mkataba unaotaja hoteli, cheo na mshahara kabla hujapanda ndege, na fahamu kwamba sheria ya Falme za Kiarabu inakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kuajiriwa, na mwajiri haruhusiwi kukushikia pasipoti. Anayekutaka ulipe mamilioni ndipo upate kazi ya uhudumu, mwache.

Ukitaka chako mwenyewe

Mwaka 1965, Ruth Fertel, mama aliyeachika mwenye watoto wawili huko New Orleans, aliweka nyumba yake rehani ili anunue mgahawa mdogo wa nyama uliokuwa unauzwa kwa dola 18,000. Alikuwa ameomba kiasi hichohicho tu. Ikabidi aelezwe kwamba atahitaji nyingine 4,000 za matengenezo na za kununulia chakula chenyewe. Akachukua 22,000. Mgahawa ule ukaja kuwa Ruth's Chris Steak House, na mwanzoni aliwaajiri zaidi wanawake waliokuwa wakilea watoto peke yao, kwa kuwa aliwajua ni wachapakazi.

Zile 4,000 ndizo watu wetu husahau. Mtu anaweka akiba yote kwenye kodi ya pango, ambayo mara nyingi hudaiwa ya miezi sita au mwaka mzima mbele, anapaka rangi, ananunua viti na friji, anafungua kwa shangwe, na wiki ya tatu hana pesa ya kununua mafuta. Mama lishe mwenye meza mbili mtaani hafanyi kosa hilo, kwa sababu anajua kila asubuhi ananunua nini na jioni lazima kibaki kiasi gani cha kesho. Fanya kama yeye, ila kwa karatasi: tenga mishahara, umeme, gesi na manunuzi ya miezi mitatu kabla hujalipia rangi. Kodi, leseni na ukaguzi wa afya wa wanaoshika chakula vipangiwe fungu lake, visikushtue. Mashine ya EFD iwe tayari siku ya kufungua.

Na kama ni pwani na una uhuru wa kuchagua tarehe, usifungue Machi. Fungua mwishoni mwa Mei, mvua zikianza kukatika, upate wiki chache za kurekebisha vipimo vya jiko na kuwazoesha wahudumu wako kabla wageni wa Juni na Julai hawajafika.